Kadi ya gari haiishi muda, yanayoisha ni mengine

Kwenye gereji moja ya Unga Limited, hapa Arusha, kijana mmoja alikuwa akiizunguka Corolla aliyotaka kuinunua. Alishapiga tairi mateke, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili na kukinusa kama mzee anayepima mbege. Kisha akamgeukia dalali: "Mangi, hii ni namba B. Usajili wake si utakuwa umeshaisha?"

Mafundi waliangua kicheko. Dalali, ambaye hajawahi kukosa jibu, akasema: "Hii haiishi mpaka wewe uishe."

Kwa mara moja katika kazi yake alikuwa amesema kweli, japo nusu. Mimi nilikuja kubadilisha bushi tu, nikajikuta naeleza mpaka jua linaelekea Monduli. Swali la kijana lilikuwa la haki kabisa. Ana ndugu Marekani, na huko majimbo mengi hutaka usajili wa gari ufanywe upya kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, na stika ya mwaka hubandikwa kwenye namba ya nyuma. Jimbo la California, gari likikutwa barabarani na usajili uliopita zaidi ya miezi 6, polisi wana mamlaka ya kuliburuta mpaka yadi. Mtu anayesikiliza malalamiko ya ndugu wa namna hiyo kila wiki kwenye simu, akitazama namba B iliyofifia rangi, lazima moyo umdunde.

Kwetu mambo yamepangwa vingine. Gari likishasajiliwa na Mamlaka ya Mapato, likapewa namba na kadi, usajili huo hauna tarehe ya mwisho. Herufi tunazozipigia bei, namba A, namba B, namba C, namba D, zinaonyesha mfuatano wa kusajiliwa tu. Hazisemi hata gari lilitengenezwa lini. Unaweza kupata gari la mwaka 1998 lenye namba D kwa sababu tu lilichelewa kushuka bandarini, na lenye namba B ambalo ni jipya kuliko hilo. Madalali wanalijua hilo vizuri sana, wananyamaza tu.

Ila wazee wa gereji hawakosei wanaposema kulikuwa na kitu kinachoisha. Kilikuwepo: ada ya mwaka, ile ambayo kila mtu aliiita rodi laisensi, yenye karatasi ya kubandika kwenye kioo cha mbele. Gari la injini isiyozidi cc 1500 lililipiwa shilingi 150,000 kwa mwaka, la kuanzia hapo hadi cc 2500 shilingi 200,000, na la juu ya hapo 250,000. Usipolipa, deni lilijikusanya kwenye namba ya gari pamoja na adhabu, na halikujali kama gari lenyewe linatembea. Pikapu iliyowekwa juu ya mawe chini ya migomba kule Machame, injini imeshauzwa, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva, iliendelea kudaiwa kama vile inapiga trip za Dar kila wiki. Siku mwenyewe anapotaka kuiuza kama chuma chakavu, anakuta deni ni kubwa kuliko chuma.

Juni 2017, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, aliifuta ada hiyo katika bajeti ya 2017/18, na madeni ya nyuma yakasamehewa. Haikufutwa bure. Kwanza, inalipwa mara moja gari linaposajiliwa mara ya kwanza, tena ikiwa imepandishwa kwa 50,000 kila daraja. Pili, ushuru wa mafuta ulipanda kwa shilingi 40 kwa lita. Petroli ilitoka 339 hadi 379, dizeli 215 hadi 255. Hata mafuta ya taa yaliongezwa 40 ile ile, ili wajanja wasipate faida ya kuyachanganya kwenye dizeli, kwa hiyo bibi wa Kibosho mwenye koroboi naye akawa anachangia rodi laisensi ya watu.

Piga hesabu uone nani alipona. Shilingi 150,000 ukizigawa kwa 40 unapata lita 3,750, yaani lita kumi na kidogo kila siku ya mwaka. Mwalimu wa Moshi anayetoka Majengo kwenda shuleni na kurudi, na Jumapili kanisani, hafikii hata robo ya hapo. Amepona. Mwenye kifodi, daladala yetu ya huku, kinachokunywa lita 30 kwa siku anatoa 438,000 kwa mwaka bila kujua, shilingi arobaini arobaini, kwenye pampu. Binafsi naona huu ni utaratibu wa haki kuliko ule wa zamani: anayeichakaza barabara ndiye anayeilipia, na pikapu ya kuku imeachwa ipumzike.

Kwa hiyo trafiki wa leo akikusimamisha Kisongo au Himo hawezi kukuandikia kosa la usajili uliopita muda, ikiwa gari lako ni la kawaida lenye namba ya kawaida. Nasema la kawaida kwa sababu yapo yasiyo ya kawaida. Namba ya jina binafsi, ile ya mtu aliyeamua gari lake libebe jina lake badala ya T na tarakimu, hulipiwa kwa kipindi cha miaka 3, na mwaka 2016 bei yake ilipandishwa hadi shilingi 10,000,000. Hiyo kweli ina kalenda. Lakini wenye namba hizo hawanunui magari Unga Limited, tuwaache.

Wengine wenye kalenda ni magari ya namba za nje, na hawa kwetu ni wengi. Namanga iko karibu, Holili iko karibu zaidi kwa mtu wa Moshi, Tarakea nako kuna njia. Gari la Kenya linaloingia kwa matembezi au biashara hupewa kibali cha forodha cha muda, chenye siku zilizohesabiwa. Kibali kikiisha gari likiwa bado linazunguka Njiro, kosa si la barabarani tena, ni la forodha, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. Machoni pa forodha hilo ni gari lililoingizwa nchini bila kulipiwa ushuru. Linaweza kuzuiwa, mwenyewe akadaiwa kodi zote za kuingiza gari na faini juu yake, na likaweza hata kutaifishwa. Kumwambia ofisa kwamba shemeji yuko Nairobi na alikuazima wiki moja tu hakusaidii, maana kibali kimeandikwa tarehe, hakikuandikwa shemeji.

Sasa turudi kwenye Corolla. Niliichukua simu ya kijana, tukaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa mamlaka ya bima. Bima ilikuwa imekufa miezi mitano iliyopita.

Hapa ndipo pana uzito, na ndipo watu wengi wanapopachukulia kirahisi. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamkataza mtu kutumia gari barabarani, au kusababisha au kuruhusu mtu mwingine alitumie, bila bima inayomlinda angalau mtu wa tatu. Yasome tena maneno hayo: au kuruhusu. Desemba, Moshi inapojaa magari kutoka Dar, kila ua una Prado tatu na binamu wanaoazimana funguo kwenda Himo kuchukua kreti za soda. Anayeendesha akikamatwa na gari lisilo na bima, kosa ni lake, na ni lako pia uliyempa funguo. Mkifikishwa mahakamani, sheria inaruhusu faini au kifungo, na mahakama inaweza kumzuia aliyetiwa hatiani kuwa na leseni ya udereva kwa kipindi fulani.

Lakini faini ndiyo sehemu ndogo. Bima ya mtu wa tatu kwa gari dogo la binafsi ni shilingi 100,000 kwa mwaka, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 118,000. Unalipia nini hasa? Unalipia kwamba ukimgonga mtu pale Kwa Mrombo akavunjika mguu, au Mungu apishe mbali akafa, na mahakama ikaamuru alipwe, kampuni ya bima ndiyo itakayolipa hukumu hiyo. Bima ikiwa imeisha jana saa sita usiku na ajali imetokea leo saa moja asubuhi, hukumu inabaki juu yako mwenyewe. Hakuna siku za huruma katikati. Aliyeshinda kesi akikosa fedha taslimu kwako, ana haki ya kuiomba mahakama ikamate mali yako na kuiuza. Kwa Mchaga hapo hatuzungumzii gari tena, tunazungumzia kihamba, shamba la ukoo, na kihamba kina kaburi la babu.

Kuna namna nyingine ya kukosa bima ilhali unayo. Gari lenye namba za njano ni la binafsi. La biashara lina namba nyeupe. Ukiikatia Noah yako ya njano bima ya gari binafsi, halafu asubuhi unapakia abiria wa nauli kwenda Mirerani, umeitumia nje ya ulichokubaliana na kampuni. Siku ya ajali watauliza abiria walikuwa nani wako, na abiria wataulizwa walilipa shilingi ngapi. Abiria aliyeumia huwa hana sababu ya kudanganya kwa ajili yako. Hali ni hiyo hiyo kwa bima kubwa ya kulipia gari lako mwenyewe, ikiwa aliyeshika usukani hana leseni hai.

Leseni ya udereva nayo ina tarehe: ni ya miaka 5, na ada yake ni 70,000. Watu wanaisahau kwa sababu miaka 5 ni mirefu, mtoto anaanza darasa la kwanza na kufika la tano bila wewe kuitazama ile kadi. Itazame.

Kwa magari ya biashara kuna LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iliyochukua nafasi ya SUMATRA kwa sheria ya 2019. Kifodi, basi, bajaji, bodaboda, hata gari la watalii, vinahitaji leseni yake ya usafirishaji. Ubaya wake ni kwamba inashikana na mengine kama shanga za uzi mmoja: ili uipate unatakiwa uwe na kadi, bima hai na gari lililokaguliwa. Uzi ukikatika mahali pamoja, shanga zote zinamwagika. Mwenye gari anayesema "LATRA nitashughulikia mwezi ujao" mara nyingi maana yake ni kwamba bima ndiyo imeisha na hana hela. Kwa kampuni za watalii za Arusha hilo hugunduliwa kwa aibu zaidi, kwenye kizuizi cha njiani, wageni wanne wakiwa nyuma na kamera zao.

Ukikamatwa kwa kosa dogo la barabarani, ofisa anaweza kukuandikia faini papo hapo badala ya kukupeleka mahakamani. Gari ni shilingi 30,000 kwa kosa. Bodaboda na bajaji ni 10,000 tangu bajeti ya 2021/22, awali walilipa sawa na lori, jambo ambalo sijawahi kulielewa. Mashine inatoa namba ya malipo na unalipa kwa simu. Unayo haki ya kukataa kosa na kutaka mahakama iamue, na afande hana ruhusa ya kukasirika kwa hilo, ingawa atakasirika. Ukinyamaza bila kulipa, deni linaongezwa adhabu na linabaki kwenye mfumo dhidi ya namba ya gari. Corolla ilikuwa na manne ya namna hiyo. Dalali alisema mwenye gari "alikuwa na haraka kidogo." Tulipoangalia na madeni ya maegesho ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tukakuta haraka hiyo ilikuwa inasimama sana mjini.

Madeni hayo hayamfuati aliyeyafanya akishauza gari. Yanamsubiri atakayelipitisha barabarani kesho. Kwa hiyo kabla hujatoa hata ya kishika uchumba, ingiza namba kwenye mifumo hiyo mitatu: faini za trafiki, bima, maegesho. Ni dakika kumi na haigharimu kitu.

Kisha kijana akaomba kadi. Dalali akatoa kopi. Jina lililoandikwa halikuwa la muuzaji. Lilikuwa la mzee mmoja wa Moshi, ambaye muuzaji alimwita "meku", na meku huyo, tuliambiwa kwa sauti ya chini, alishafariki.

Nimeacha hili mwisho kwa sababu ndilo linalokaribiana zaidi na usajili uliokufa hapa kwetu. Kadi haifi kwa kalenda, lakini inaweza kubaki inasema uongo. Inasema gari ni la fulani, wakati fulani ameshauza, na aliyenunua ameshauza, na wa tatu ndiye huyu aliyesimama gerejini. Mamlaka ya Mapato inamjua wa kwanza tu. Mahakamani kadi ni ushahidi wa awali wa umiliki. Inaweza kupingwa kwa ushahidi mwingine, lakini mzigo wa kupinga ni wako.

Wauzaji ndio wanaolala usingizi mzito zaidi. Umeuza gari, umekula hela, umesahau. Miezi minane baadaye gari hilo linagonga mtu Tengeru na dereva anakimbia, au linakutwa limebeba magendo. Polisi wanasoma namba, mfumo unatoa jina, wanakuja kwako. Utajitetea kwa nini? Kwa mkataba wa mauzo, ikiwa uliuandika, ukashuhudiwa na wakili, ukaweka tarehe. Mimi huwaambia watu waandike na saa ya kukabidhi funguo. Wananicheka, lakini ajali hutokea siku ile ile ya kuuza kuliko mnavyofikiri, maana mnunuzi analijaribu gari asilolizoea.

Mnunuzi naye hayuko salama. Hawezi kuliuza kwa bei nzuri, hawezi kulipeleka benki kama dhamana. Na aliyemuuzia akishindwa kulipa deni lake kwingine, mdai wake anaweza kuiomba mahakama ikamate gari hilo kwa kuwa kadi inasoma jina la mdaiwa. Atalazimika kuweka pingamizi na kuthibitisha kwamba alilinunua kabla, huku gari likinyeshewa yadi.

Yote hayo kwa kukwepa kiasi gani? Ada ya kuhamisha umiliki ni shilingi 50,000, kadi mpya 10,000, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani. Kwa gari la milioni 8 hiyo ni 140,000 jumla, ukiacha ya wakili. Haifiki bei ya tairi mbili mpya. Pande zote mbili ziwe na TIN, yaani namba ya mlipakodi, kadi halisi iwepo, mkataba uwepo. Ikiwa gari lilikuwa mali ya biashara, muuzaji anaweza kudaiwa pia kodi ya faida aliyopata, na mara nyingi hapo ndipo penye siri ya "tutabadilisha baadaye, kaka."

Mwenye kadi akiwa amefariki, hakuna anayeweza kuuza kihalali mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Kwenye Mahakama ya Mwanzo uteuzi huo hutoka kwa Fomu namba IV, na msimamizi huyo ndiye anayesaini mkataba kwa niaba ya marehemu. Mtoto wa kwanza hana saini hiyo kwa kuzaliwa kwanza, mjane hana kwa kukaa na gari uani, na aliyekuwa dereva wa mzee kwa miaka kumi na tano ndiye kabisa. Mtu anayesaini jina la marehemu kwenye mkataba amevuka kutoka kwenye mambo ya gari akaingia kwenye kughushi, na hilo ni jinai.

Nilimuuliza muuzaji kama Fomu namba IV ipo. Akasema familia wanakutana Krismasi. Ilikuwa mwezi wa nane.

Kijana alifunga boneti taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Nilipokwenda kuchukua gari langu wiki iliyofuata, Corolla ilikuwa pale pale, imeshushwa bei laki sita, na dalali alikuwa anamwelezea mteja mwingine kwamba usajili wake hauishi.